Piga Dawa, Usimpige Jirani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja: mwenye ploti ya hamsini kwa mia huku Gatongora, Ruiru, nyumba katikati, tangi la maji pembeni, shimo la choo mahali ambapo fundi alisema "hapa panatosha, mkubwa," na kwenye kipande kilichobaki, miti sita ya matunda. Mwembe wa kupandikizwa alioununua kando ya Thika Road akiahidiwa maembe baada ya miaka miwili. Avokado mbili. Mpapai uliojiotea wenyewe penye maji ya jikoni. Mti wa matunda damu. Na mndimu ambao hakuna anayejua nani aliupanda. Mtu huyo ni mimi. Kama ni wewe pia, karibu, vuta kiti, ila usikae upande ule unakoelekea upepo.

Tuanze na lugha, maana kosa la kwanza tunalifanya kwa mdomo kabla hatujashika pampu. Tunasema dawa. Dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya mapenzi, dawa ya wadudu. Neno hilo hilo limebeba kidonge cha maumivu ya kichwa na limebeba kitu ambacho hutaki hata kuku akidonoe. Halafu tunaliongezea kitenzi: tunapiga. Tunapiga dawa kama tunavyopiga pasi, simu na kelele, bila kuuliza anayepigwa ni nani. Ukisema "leo nimepiga mwembe dawa," watu huitikia "afadhali," kana kwamba mwembe ulikuwa na homa. Ungesema "leo nimemwagia chakula cha watoto sumu kidogo," kikao cha Nyumba Kumi kingeitishwa jioni hiyo hiyo.

Sasa kazi. Hatua ya kwanza, kwa desturi ya huku kwetu, ni kutoutazama mti. Ukiona jani moja limejikunja, simama mbali, shika kiuno, sema "hii sasa ni wadudu," kisha panda bodaboda hadi Kimbo ukanunue kitu. Wadudu gani? Swali hilo ni la watu wenye muda.

Ukiamua kuivunja desturi na kusogea karibu, njoo na miwani. Geuza jani. Mara nyingi utakuta msafara wa sisimizi ukipanda na kushuka shinani kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Ukiufuata msafara huo, utakufikisha kwa vidukari, wamejibandika chini ya majani machanga wakifyonza. Sisimizi hawawali. Wanawachunga. Kidukari hutoa maji matamu kwa nyuma, sisimizi humkamua na kunywa, na kwa ujira huo humlinda dhidi ya maadui, sawa na mfugaji wa Githunguri na ng'ombe wake wa maziwa. Maji hayo yakidondokea majani ya chini, ukungu mweusi kama masizi huota juu yake, na hapo ndipo mwenye mti hushtuka na kukimbilia dawa ya ukungu. Ni kama kupaka dari rangi wakati paa linavuja.

Wafukuze wachungaji, mifugo itakosa mlinzi. Funga shina kwa ukanda wa kitambaa au plastiki, paka grisi juu ya ukanda huo, na ukate matawi yanayogusa ukuta, kwa kuwa sisimizi akikosa ngazi hutafuta daraja. Vidukari wenyewe wapulizie maji ya mpira kwa nguvu. Watakaobaki wapate maji ya sabuni jioni, chini ya majani, baada ya kujaribu kwenye tawi moja kwanza maana sabuni kali huunguza. Kisha ngoja siku chache. Watakuja wale wadudu wekundu wenye madoadoa meusi, mgongo wa mviringo kama kobe mdogo, pamoja na watoto wao ambao wana sura mbaya kiasi kwamba wengi huwaua kwa kudhani ndio adui. Hao hula vidukari mchana kutwa bila kudai chai ya saa nne. Ukipiga dawa inayoua kila kitu, hao ndio hufa na kuchelewa kurudi. Vidukari huzaa upya kabla ya wiki kuisha.

Nakiri kwamba ushauri huu hauridhishi. Mwanamume mwenye mpira wa maji na kipande cha sabuni haonekani kama mtu anayefanya kazi. Mwenye pampu mgongoni, akitembea polepole kama mwanaanga, huonekana na mtaa mzima kuwa ni mkulima. Nimeamini kwa muda sasa kwamba nusu ya dawa inayopigwa huku Ruiru inawalenga majirani watazame, na wadudu wamekutwa tu katikati.

Basi twende agroveti. Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

"Shida ni nini, mzee wangu?"

"Wadudu."

"Wanakula nini?"

"Miti."

"Chukua hii. Inaua kila kitu."

Hiyo "inaua kila kitu" inatamkwa kwa fahari, nawe unaipokea kwa furaha, bila mmoja wenu kukumbuka kwamba kwenye kila kitu na wewe umo. Kama huna pesa ya chupa nzima, kijana atakusaidia. Atakumiminia kipimo kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, bila jina, rangi yake kama maziwa yaliyochanganywa na maji, na atakuambia vipimo kwa mdomo huku akimhudumia mwenye kuku. Utaiweka chupa hiyo dirishani. Mtoto atarudi kutoka shule na kiu. Sentensi hiyo siimalizi, na hapo sifanyi mzaha.

Dawa halali ya kuulia wadudu nchini Kenya husajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, ile iitwayo PCPB, yenye ofisi Loresho, chini ya sheria ya mwaka 1982, Sura ya 346. Namba ya usajili huandikwa kwenye lebo. Lebo hiyo hiyo husema dawa ni ya mmea gani na mdudu gani, kiasi gani kwa lita ngapi, na siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna. Chini kabisa kuna mkanda wa rangi: nyekundu, manjano, buluu au kijani, kutoka hatari kubwa kushuka. Watu hupenda kuusoma mkanda huo kama taa za barabarani. Kijani wakaelewa "pita," na kwa kuwa ni madereva wa Kenya, manjano wakaelewa "ongeza mwendo." Kijani maana yake ni kwamba kukuua kwa mara moja ni kazi zaidi. Glavu bado zinahitajika.

Tatizo la lebo ni maandishi. Yamechapishwa kwa herufi ambazo hata sisimizi angeziona ndogo. Piga picha kwa simu, kisha ikuze. Simu hiyo hiyo inayokuza picha za watu harusini inaweza kukuonyesha siku za kungoja. Na kama lebo haitaji mmea ulio nao, dawa hiyo si yako, hata kama ndiyo iliyomfaa shemeji yako kwenye nyanya huko Kirinyaga.

Kuna mteja mmoja hakosekani kaunta: anayeulizia "ile kali ya zamani." Ile kali ya zamani ina historia. Furadan ilitengenezwa ifukiwe ardhini kulinda mimea, lakini Kenya kuna watu walioigeuza chambo, wakaiweka kwenye mizoga, na simba wakafa. Mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kurusha habari hiyo, kampuni ya FMC ilitangaza kuinunua tena kutoka madukani na kuiondoa katika soko la Kenya. Mwaka 2019, Gladys Boss Shollei, wakati huo akiwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka ombi Bungeni akitaka dawa zenye madhara makubwa ziondolewe, na orodha ya zilizozuiwa imekuwa ikirefuka tangu hapo. Kwa hiyo ile chupa iliyo nyuma ya magunia stoo, uliyoachiwa na aliyekuuzia ploti, huenda sasa haina ruhusa hata ya kuwa stoo. Usiipige ili iishe.

Hapa naomba kutoka nje ya mada kidogo, ingawa si mbali. Ardhi hii ya Ruiru tuliyoikatakata ploti ilikuwa nchi ya kahawa, na kahawa ndiyo iliyotufundisha kupiga dawa. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha tunda likiwa bado kijani, ulionekana Kenya mwaka 1922. Wakulima wakaupigania kwa dawa za shaba msimu baada ya msimu, mpaka gharama ya dawa ikawa inakula faida ya kahawa yenyewe. Wazee waliofanya kazi mashambani humo wanakumbuka mashati yaliyogeuka rangi ya buluu. Mlipuko mkubwa wa mwisho wa miaka ya 1960 ukawaonyesha watafiti kwamba pampu peke yake haiwezi. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilicho hapa hapa Ruiru, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakakaa chini kuzalisha mbegu mpya, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, kahawa fupi inayostahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Mwaka 2010 ikafuata Batian. Yaani mji wetu umeandikwa kwenye mti unaojulikana Kenya nzima kwa sababu hauhitaji kupigwa dawa sana. Sisi wenye ploti, hatua chache kutoka hapo, tumenunua pampu za lita ishirini kwa ajili ya miti sita.

Dawa ya shaba yenyewe, mrututu uliochanganywa na chokaa, ina kisa ambacho kingeweza kutokea hapa kwetu. Huko Bordeaux, Ufaransa, wenye mashamba ya zabibu walikuwa wakisumbuliwa na wapita njia wanaochuma. Wakaipaka mizabibu ya kando ya barabara mrututu na chokaa ili zabibu zionekane zina sumu. Mwaka 1882, ukungu ulipoangamiza mashamba, mtaalamu wa mimea Pierre Millardet akaona kwamba mizabibu ya kando ya barabara ndiyo iliyobaki na majani. Akachunguza, na mwaka 1885 akaitangaza kama dawa. Dawa ya ukungu iliyotumika dunia nzima ilianza kama dawa ya wezi. Nimewaza kuijaribu kwa avokado za upande wa barabara, wakati wanafunzi wanapotoka shule saa kumi. Mke wangu alinikumbusha kwamba kati ya wanafunzi hao wawili ni wetu.

Turudi kwenye pampu. Kipimo rasmi cha mtaa ni kizibo. Kizibo cha nini, haijalishi. Kuna wa kizibo cha soda na wa kizibo cha dawa yenyewe, na kuna wale wanaomimina huku wakihesabu kimoyomoyo. Baada ya hapo huongezwa "kidogo cha kuhakikisha," kile kile tunachokiongeza kwenye chumvi ya githeri. Sasa fanya hesabu na mimi. Lebo inasema, kwa mfano, mililita 10 kwa lita 20. Mwembe wako mdogo utatosheka na lita mbili. Hiyo ni mililita moja. Moja! Kizibo chochote ulichoshika hapo ni balaa. Nunua bomba la sindano pale famasi, lisilo na sindano, liandike kwa wino usiofutika, na lisionekane tena karibu na sharubati ya homa ya mtoto. Jaza maji nusu, tia dawa, koroga kwa kijiti ambacho hakitawahi kuwa mwiko, kisha ongeza maji yaliyobaki. Changanya ya siku hiyo tu. Inayosalia ndiyo humwagwa mtaroni gizani, na mtaro, hata ukijifanya hauna mwisho, unaujua mto Ruiru uliko.

Juu ya vazi sitakaa sana. Vazi la taifa la kupiga dawa ni kaptura, jezi ya Arsenal, sandali, na barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu korona. Barakoa hiyo hunyonya matone ya dawa na kukushikia puani kwa upole. Ngozi ndiyo mlango mkubwa, hasa mikono na sehemu ambazo mkono hurudi kuzikuna bila kuomba ruhusa. Shati la mikono mirefu, suruali juu ya gambuti wala si ndani, glavu za mpira, miwani. Nozeli ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Nimeona watu wazima, wenye digrii, wakiipuliza. Mswaki wa zamani unafanya kazi hiyo. Nguo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na sare za shule.

Saa ya kupiga, kwa kufuata mfano wa mtaa, ni saa saba mchana Jumamosi, jua likiwa utosini, nguo za jirani zikiwa kambani na upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwake. Saa hiyo kila mtu yuko nyumbani na anakuona vizuri. Mashuka yake meupe yatakuonyesha dawa ilikofika. Dawa pia itafika kwenye sukuma wiki za nyuma ya jiko lake, kwenye sufuria la maji ya kuku, na kwenye tangi ambalo mfuniko wake ulichukuliwa na upepo msimu uliopita. Ukitaka kukosa sifa hizo zote, piga jioni, upepo ukitulia, mvua ikiwa haionekani, baada ya kumwambia jirani mapema. Ujumbe wenyewe si mrefu. "Mama, leo jioni napiga mwembe dawa, naomba uanue nguo na ufungie kuku." Mimi nilipouandika mara ya kwanza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, watatu waliniuliza dawa gani nami nikagundua sikuwa nimesoma jina lake.

Jioni ina sababu nyingine, nayo ina mabawa. Ua la avokado lina tabia ya ajabu. Hufunguka mara mbili kwa siku mbili: mara ya kwanza likiwa jike, likafunga, na mara ya pili likiwa dume. La Hass huwa jike asubuhi ya siku ya kwanza na dume mchana wa siku ya pili. La Fuerte hufuata ratiba ya kinyume. Ndiyo maana watu huzipanda mbili pamoja. Lakini ratiba hiyo haifai kitu bila mchukuzi wa kupeleka chavua, na huyo kwa kawaida ni nyuki. Ukipiga dawa mti ukiwa umejaa maua, umewapiga watu wa posta. Kisha mwezi wa matunda unasimama chini ya mti mtupu ukilaumu mbegu, hali ya hewa, na macho ya wivu ya shemeji. Hata pareto, ambayo Kenya iliiuzia dunia kwa miongo mingi na ambayo watu huisifu kwa kuwa ni ua, huua nyuki ikimkuta. Kinachoiokoa ni kwamba huvunjika haraka juani. Kwa hiyo hata nayo ipigwe jioni, wala si kwenye maua.

Sasa maembe, maana ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote. Januari moja mwembe wangu ulizaa kwa mara ya kwanza. Nikayahesabu kila asubuhi kama mwenye duka. Yalipoanza kuiva nikakata la kwanza mbele ya wageni, na ndani mlikuwa na funza weupe wakiruka. Kesho yake nikapiga dawa, kali, mti mzima, majani yakawa yanadondosha. Maembe yaliyofuata yalikuwa na funza na dawa.

Nzi wa matunda hutoboa ganda na kuweka mayai chini yake. Funza huanguliwa ndani, akiwa ameketi sebuleni mlango umefungwa, na unachopuliza nje hakimfikii. Akishiba hutoka, huingia udongoni, hugeuka, na kuibuka nzi. Mkubwa wao kwetu ni mgeni kutoka Asia aliyeonekana pwani ya Kenya mwaka 2003. Wanasayansi walimpa jina la mvamizi mwaka 2005, baadaye wakakubaliana kwamba ni yule yule nzi wa mashariki aliyejulikana Asia tangu zamani, akiwa amebadilisha mtaa tu. Mvamizi huyo ndiye aliyefanya Kenya ijizuie yenyewe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi 2021.

Jibu lake linapatikana njiani tukielekea mjini. Pale Kasarani wapo icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Tunaipita kila siku tukiwa kwenye matatu, vichwa vimeinamia simu. Watafiti wake waliona kwamba nzi jike anahitaji protini ili mayai yakomae, na kwamba viwanda vya bia hutupa hamira iliyokwisha kazi, ambayo ina protini nyingi. Wakaigeuza hamira hiyo kuwa chambo. Chambo hutiwa dawa kidogo, kisha hunyunyizwa sehemu moja tu ya mti, eneo la kama mita moja ya mraba, kila wiki, matunda yakianza kukua. Nzi anafuata harufu ya bia, anakula, anakufa. Kuna wanaume wa mtaa huu wanaoielewa mbinu hiyo bila kufafanuliwa. Madume nao huvutwa na mtego wenye harufu maalum inayotundikwa tawini ndani ya kopo.

Lakini sehemu kubwa ya kazi haina sayansi ya kutisha: okota maembe yaliyoanguka. Yote, mara mbili kwa wiki, kabla funza hajaingia udongoni. Ushauri wa zamani ni kuyafunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuyaacha juani, ila mfuko wenyewe ulipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mimi hutumia ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Ukipenda, chimba shimo la zaidi ya nusu mita ufukie. Au jenga hema dogo la wavu ambao matundu yake ni finyu kwa nzi lakini yanampitisha nyigu mdogo anayetaga ndani ya mayai na funza wa nzi huyo. Nzi wanabaki kifungoni, nyigu wanatoka kwenda kazini.

Ukishapiga, ngoja. Lebo ikisema siku kumi na nne, ni siku kumi na nne kamili, si kama "niko karibu kufika" ya mtu ambaye bado yuko Githurai. Mwanzoni mwa 2013 Ulaya ilianza kuzikagua kwa ukali mishiri na njegere za Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wauzaji wakajifunza kuhesabu siku kwa machungu. Papai lako halikaguliwi na Ulaya. Linakaguliwa na shosho aliyekuja kutoka Murang'a kukusalimia, asiyejua ulipiga dawa jana, naye ameshalichuma na anammenyea mjukuu. Kulisuguasugua kwa maji husaidia kwa dawa iliyokaa juu ya ganda. Iliyopenya ndani haikusikii. Mimi hufunga kitambaa chekundu kwenye mti na kuandika tarehe ya kula kwenye kadibodi. Watoto wanakiheshimu. Mjomba mmoja alidhani ni uganga, akauepuka mti kabisa, ikawa vilevile.

Na mtu akishikwa na jasho, mate kumtoka, macho kumlengalenga na kifua kubana baada ya kupiga dawa au kuinywa, usimtapishe na usipoteze muda ukitafuta maziwa. Maziwa si dawa ya dawa. Mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali ukiwa umeshika lebo. Daktari hawezi kutibu "ile nyeupe ya kwenye chupa ya maji."

Imebaki chupa. Chupa ya dawa ni nzuri kuliko zote duniani: nene, ina mfuniko unaokaza, na ina mpini. Kwa hiyo ikiisha, isuuze mara tatu, kila suuzo ulirudishe kwenye pampu, kisha itoboe kwa msumari chini na ubavuni, usiichome moto, uirudishe kwa wanaozipokea. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nikitoboa ya kwangu kwa msumari wa inchi nne wakati soja wa ploti ya jirani alipopita akielekea zamu. Akasimama langoni. Akaitazama chupa, akatazama msumari, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Mzee, ungeniita kabla hujaiharibu," akasema. "Mama watoto anatafuta ya kuwekea mafuta ya kupikia."